Nani Asome Baraka Saba: Mwongozo kwa Washereheshaji wa Arusha

Mshereheshaji wa Arusha anayepewa kazi ya harusi ya Kiyahudi, iwe katika bustani ya hoteli mjini au kambini upande wa Karatu, sharti ajue mapema kwamba Baraka Saba, yaani baraka wanazosomewa maharusi chini ya hema la ndoa, hazina msomaji mmoja aliyewekwa na sheria. Rabi, yaani kiongozi wa dini wa Kiyahudi, anaweza kuzisoma zote, ingawa mara nyingi hugawiwa wazee, walimu na marafiki kama heshima, na wenye kugawa ni maharusi na wazazi wao, wala si kamati ya ukumbi.

Omba orodha ya wasomaji iliyopitiwa na rabi. Usishangae ikiwa na majina sita, kwa sababu baraka ya divai na ile inayoifuata kwa kawaida hupewa mtu mmoja. Kwa Wayahudi Waorthodoksi, wanaoshika sheria za jadi, wasomaji ni wanaume, na huhitajika wanaume kumi wa Kiyahudi waliotimiza miaka 13, bwana harusi akiwemo. Kwa Wayahudi wa mrengo wa mageuzi wanawake nao husoma. Uliza, usikisie kwa mavazi ya wageni.

Anayeitwa husogea chini ya hema la ndoa, hupokea kikombe cha divai kwa mkono wa kuume na kusoma kwa Kiebrania, nao waliosimama huitikia "Amina". Kwa kuwa mkono mmoja una kikombe na mwingine una karatasi, weka kijana wa kumshikia maikrofoni. Divai iwe na muhuri wa kosher, yaani uthibitisho kwamba inakubalika kwa sheria za Kiyahudi za chakula na vinywaji. Ya Dodoma isiyo na muhuri huo haifai hata ikiwa tamu namna gani, na mhudumu asiifungue wala kuimimina kabla ya kumwuliza rabi. Vigelegele, ambavyo akina mama wetu hawavizuii kirahisi, visubiri hadi bwana harusi avunje glasi kwa mguu.

Jumamosi yetu ya harusi haitumiki, kwani Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana.

Baada ya chakula na sala ya shukrani baraka zote hurudiwa, safari hii ya divai ikiwa ya mwisho, na wasomaji wanaweza kuwa wengine kabisa. Andaa vikombe viwili, omba orodha ya pili, na mwambie mpiga muziki asifungashe vyombo vyake wala asianze wimbo mpaka rabi atoe ishara.