Kabla hujalipa karo ya kozi ya lugha Nairobi

Nafundisha Kijerumani hapa mjini, na wazazi huniuliza bei kwanza. Anza na sababu. Mtu mzima anayemfuata mwenzi wake Ujerumani kwa kawaida hutakiwa cheti cha Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa, anapoomba viza, kwa hiyo aulize tarehe za mtihani Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni cha Ujerumani, kabla ya kuuliza za masomo. Anayetaka Kifaransa, Alliance Française iko jirani tu, Loita Street.

Mtoto ni habari nyingine. Omba akae somo moja la majaribio, nawe ukae nyuma kabisa, simu mfukoni. Sikiliza ni nani anayeongea: mwalimu akiwazidi watoto, tafuta kwingine. Wa miaka 7 anahitaji kuimba, kuchora na kurukaruka. Jedwali la vitenzi litasubiri. Mtihani wa umri wake upo, DELF Prim kwa Kifaransa, ila usimkimbize. Chagua Jumamosi asubuhi, maana jioni ya katikati ya wiki, jemu ya Thika Road itamfikisha darasani amelala. Nyumbani amfundishe shosho, yaani bibi yake, majina ya vyombo kwa lugha hiyo mpya.

Uliza pia kama karo inajumuisha vitabu na ada ya mtihani. Mara nyingi haijumuishi.