SOMO: Kupendezesha geto la mwanafunzi kwa bajeti ya bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo (anza na ukuta, si mapambo)

Wakuu, habari zenu.

Kila muhula ukianza naulizwa swali lile lile: "Geto langu ni dogo, nina laki na kidogo, nianzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naliweka hapa lote, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Nazungumzia chumba kimoja cha kupanga, kama futi kumi kwa kumi, vile vya Changanyikeni, Makongo, Sinza na Mabibo: dirisha moja la nondo, sakafu ya saruji, rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta na chokaa juu, taa moja katikati ya dari. Wa hosteli rukeni mpaka hatua ya 4, kuta za hosteli si zenu.

1. Ongea na mwenye nyumba kabla hujanunua hata msumari. Ruhusa yake iwe kwenye meseji, si ya mdomo.

2. Toa kila kitu nje, fagia mpaka darini, piga deki.

3. Ukuta. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo pesa za wengi zinapopotelea, zangu zikiwemo. Zile stika za ukutani za Kariakoo zinavutia kweli: zina picha za matofali, maua, marumaru. Lakini ukibandika juu ya chokaa, gundi haishiki ukuta, inashika unga wa chokaa. Mwanzoni inakaa vizuri. Joto likizidi pembe zinajikunja, masika ikiingia inashuka yote, na nyuma yake unakuta ukungu mweusi umeshatanda. Ukiivuta inang'oka na rangi ya mwenye nyumba, na gharama hiyo ni yako.

Kwa hiyo pima kwanza. Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi cheupe, bandika kipande cha selotepu, kisugue kwa kidole, kivute: kikija na unga, hakuna stika wala rangi itakayokaa hapo mpaka usugue kwa msasa, ufute kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke, ndipo upake praima (rangi ya kwanza ya kushikisha).

Kipimo cha pili ni cha maji. Kata nailoni inayoonyesha, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, uibandike futi moja kutoka sakafuni na uzibe pande zote nne kwa selotepu pana. Iache siku mbili. Ukikuta matone kati ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe una maji, na pale chini mara nyingi yanapanda kutoka kwenye msingi. Matone yakiwa upande wa chumbani, ukuta hauna kosa, hewa ya chumba ndiyo imejaa mvuke: fungua dirisha, na acha kupika mlango ukiwa umefungwa.

ONYO la kwanza: ukuta wenye maji usiupake rangi ya mafuta wala kuubandika chochote kisichopitisha hewa. Maji yakikosa pa kutokea yanainua rangi malengelenge, kisha inabanduka vipande vipande.

ONYO la pili: ule unga mweupe unaoota chini ya ukuta ni chumvi, inaletwa na maji. Usiuoshe. Ukiuosha chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Upige kwa brashi kavu, uzoe, utupe nje. Kitanda nacho kisigusane na ukuta huo, acha upenyo wa kiganja hewa ipite. Kutengeneza msingi ni kazi ya mwenye nyumba, usiutibu kwa bumu lako.

Ukuta ukifaulu vipimo vyote viwili, paka mmoja tu, ule unaoonekana ukifungua mlango. Upana mita 3 kwa kimo mita 2.7 ni kama mita 8 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa kupaka mara moja kwenye ukuta laini. Kwa kupaka mara mbili, lita 2 zinatosha. Usishawishike kubeba ndoo kubwa.

4. Taa. Soma namba kwenye boksi la balbu. 6500K ni mwanga mweupe mkali wa dukani, 3000K ni wa njano, umetulia. Weka ya njano darini, na kama unasoma usiku tafuta taa ya mezani yenye mwanga mweupe. Balbu ya LED ya wati 9 inakupa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, kwa hiyo hata LUKU inapumua.

5. Pazia. Fimbo ikae shubiri moja juu ya dirisha na ipite kila upande, pazia lishuke karibu na sakafu. Chumba kinaonekana kirefu. Kama huna hela ya kitambaa cha pazia, doti moja ya khanga inatosha dirisha la kawaida, kipande kimoja kila upande. Ining'inize kwa urefu wake, si kwa upana.

6. Rafu. Nunua ubao wa 1x8 wa futi 12, mwambie fundi akate vipande vitatu vya futi 4, apige randa. Panga ubao juu ya matofali ya kuchoma. Hutoboi ukuta, na siku ya kuhama unabeba mbao zako.

7. Kioo kikae ukuta wa pembeni mwa dirisha, kirushe mwanga ndani. Mkeka chini.

8. Mapambo ndiyo mwisho. Weka kitu kimoja kikubwa, si vidogo kumi. Mimi napenda kitenge kilichowambwa: unagonga fremu ya mbao nyembamba, mita moja kwa mita moja, unavuta kitenge kikaze kama ngozi ya ngoma, unabana kwa stepla nyuma. Anza katikati ya kila upande, pembe ziwe za mwisho, la sivyo maua yanakaa upogo.

Karibuni kwa maswali.

---

kijana_wa_survey: Mkuu, stika gani nzuri ya kubandika kwenye chokaa?

Mtoa somo: Hatua ya 3.

kijana_wa_survey: Nimesoma, ila mimi nataka zile za marumaru, muuzaji kaniambia zinashika popote.

Mtoa somo: Bandika kipande kidogo nyuma ya mlango, kiache mwezi mzima, halafu uamue. Muuzaji hatakuwepo mwenye nyumba akidai rangi yake.

Binti_Udom: Kaka asante sana kwa somo. Mimi niko Dodoma, kipimo cha nailoni kimetoka kikavu kabisa, ila ukuta unatoa unga kila nikiugusa, hadi nguo zinachafuka. Ni maji au ni nini?

Mtoa somo: Dada, umefanya vizuri kupima kabla ya kuuliza. Huko ni kukavu, shida yako ni chokaa iliyochoka au iliyopakwa nyepesi mno. Sugua kwa brashi ngumu mpaka unga ulegee, futa, acha ukauke, kisha paka praima ya ukutani. Kama hela haitoshi chumba kizima, fanya ule upande wa kitanda tu, ndio unaochafua nguo. Pale unapoegemea unaweza pia kutundika mkeka wa ukili. Unapendeza, na mgongo haugusi ukuta.

mwanaharakati_01: Somo refu sana, fupisha. Laki moja inatosha au haitoshi?

Mtoa somo: Inategemea ukuta wako. Ndiyo maana ni refu.

Mpemba_wa_Vuga: Assalaam alaykum. Nasoma SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), nimepanga Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya zamani. Kuta ni nene na zina unyevu mwaka mzima. Babu mwenye nyumba amekataa rangi ya dukani, anataka chokaa tu. Je, ana sababu?

Mtoa somo: Waalaykum salaam. Ana sababu kubwa, msikilize. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimejengwa zivute unyevu na kuutoa tena. Ukizifunika kwa saruji au rangi isiyopumua, maji yanabaki ndani na lipu inaanza kumung'unyuka. Muulize kama anakubali uchanganye rangi ya unga kwenye chokaa. Inatoka rangi tulivu nzuri mno, na ukuta unaendelea kupumua. Chokaa inaunguza macho na ngozi, vaa glavu na miwani. Ukipaka, tuwekee picha, napenda sana nyumba hizo.

Mpemba_wa_Vuga: Shukrani. Babu amefurahi nilipomsomea jibu lako, amesema atanichanganyia mwenyewe.

dada_wa_mabibo: Naongezea kwa wanaonunua vitanda na meza za mtumba: kagua kunguni kabla ya kuingiza ndani. Angalia kwenye viungo vya mbao na matundu ya misumari, utaona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu.

Mtoa somo: Dada umenena, hilo nililisahau. Ukikuta vidoa, achana na kitu hicho. Kama umeshanunua kitanda cha mbao, mimina maji yanayochemka kwenye kila kiungo, ukiwa nje, na urudie baada ya wiki moja au mbili kwa ajili ya mayai. Godoro la mtumba usinunue kabisa.

fundi_chipukizi: Mkuu, na zile taa za mkanda za rangi rangi, naweza kuzizungushia pazia?

Mtoa somo: Kwenye pazia hapana. Adapta za bei rahisi zinapata moto, na pazia kwenye geto mara nyingi liko karibu na jiko la gesi. Zibandike nyuma ya ubao wa rafu, adapta ikae wazi juu ya tofali, na uchomoe ukitoka.

fundi_chipukizi: Ubao wangu una vumbi la randa, zitashika?

Mtoa somo: Futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, uache ukauke.