Jinsi ya kuwaonyesha washkaji Mutiny on the Bounty ya 1935

Usianze na kusema ni muvi ya zamani, watakukimbia. Anza na tunda la shelisheli. Waambie meli ya Waingereza, Bounty, ilitumwa Tahiti kufata miche ya shelisheli ipelekwe visiwa vya Karibi kulisha watumwa, halafu 1789 mabaharia wakamgeuka kapteni Bligh wakamshusha kwenye boti na watu 18 katikati ya bahari. Mtu wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, aliyewahi kukutana na dhoruba ziwani hapo anavuta kiti mwenyewe.

Weka usiku na uzime taa, manake mchana nyeusi-nyeupe inageuka kijivu tupu. Ina masaa 2 na dakika 12, kwahiyo sangara wakaangwe mapema. Haijawekewa dj wa kutafsiri, we ndo usimamishe ueleze kidogokidogo, ila Charles Laughton anayecheza Bligh akiongea usimkatize jamani, ule uso hauhitaji tafsiri kabisa! Yeye, Clark Gable na Franchot Tone wote walipendekezwa Oscar ya mwigizaji bora, hakuna aliyepata, muvi yenyewe ndo ikabeba ya filamu bora.

Mwishoni kabisa waambie Bligh wa kweli hakurudi Tahiti na meli ya Pandora, ile iliyotumwa kuwasaka waasi, kama inavyoonyeshwa, kapteni alikuwa Edward Edwards, na ile boti Bligh aliifikisha hadi Timor.