Wauzaji wawili kila wiki: utafiti wa watumiaji usiokatika kwa timu ndogo ya Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa timu ya watu watatu hadi sita wanaotengeneza programu ya simu na hawana mtafiti wa kuajiriwa. Mfano wa kufuata hadi mwisho ni programu ya kaye (daftari) ya madeni: muuzaji wa unga, makala (makaa) au mafuta ya kupikia anaandika kwenye simu nani amechukua nini bila kulipa. Kama mnatengeneza kitu kingine, badilisheni bidhaa. Utaratibu unabaki uleule.

Utafiti mmoja mkubwa wa mwanzo wa mwaka haufai kwa kazi hii. Ripoti ikikamilika, timu imeshaamua mambo mengi bila kumuuliza mtu. Kinachosaidia ni mazungumzo mawili kila wiki, yaliyofungwa kwenye uamuzi ambao wiki hiyo bado uko wazi. Tengeni saa sita za mtu mmoja na saa tatu za msaidizi wake.

Hatua ya 1: Andikeni uamuzi kwanza, maswali baadaye

Jumatatu asubuhi andikeni sentensi mbili. Ya kwanza: tunaamua nini wiki hii? Ya pili: tukikuta nini, tutabadili mpango? Kwa mfano: «Tunaamua kama programu itamtumia mdaiwa ujumbe wa kumkumbusha. Tukikuta wauzaji wanaona ujumbe huo utawakosanisha na wateja, hatuujengi.»

Sentensi ya pili ikikataa kuandikika, maana yake uamuzi umeshafanywa na mnakwenda sokoni kutafuta baraka. Chagueni uamuzi mwingine.

Hatua ya 2: Jengeni orodha ya watu 40

Arobaini ni wengi kwa mazungumzo mawili ya wiki, lakini katika kila watano mnaowapigia hesabuni kupata wawili. Umeme umekatika na simu imezima, mzigo umefika kutoka Kasumbalesa mpakani, mtoto anaumwa. Orodha ikiwa fupi, mtarudi kwa walewale watatu wenye ukarimu, na programu itatengenezwa kwa ajili yao tu.

Igaweni orodha kwa makusudi: soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi), Katuba, Ruashi na soko la Mzee Kabila, wanaouza kwa gunia na wanaouza kwa meka (chombo kidogo cha kupimia), wenye simu yao na wanaotumia simu moja na mume au mtoto, wanaosoma Kifaransa vizuri na wasiokisoma. Kumi kati yao wawe watu walioijaribu programu wakaiacha. Kundi hilo ndilo gumu kulipata, na ndilo linaloeleza zaidi.

Wenye kabini za M-Pesa na Airtel Money wanajua watu wengi na watawasaidia kwa moyo. Ila pokeeni mtu mmoja tu kutoka kwa kila mtambulishaji. Wa pili huwa shemeji, na shemeji atasifu kila kitu ili asimwaibishe aliyemleta. Mtu mliyezungumza naye apumzike wiki nane.

Zawadi ya muda wake iwe ndogo na sawa kwa wote, kama dola 2 kwa faranga au kwa mega za intaneti. Itoeni mwanzo, kabla ya swali la kwanza. Ikingojewa mwisho, majibu yatapambwa ili mgeni aondoke ameridhika.

Jambo la ruhusa lisifanywe juujuu. Sheria ya mambo ya dijitali ya Kongo (Code du numérique), yaani ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za mtu binafsi. Elezeni kwa Kiswahili mnachoandika na kwa nini, ombeni ruhusa ya kurekodi sauti, na mkikataliwa msirekodi. Kwenye karatasi tumieni alama kama K-07 (K kwa Kenya). Majina yakae mahali pamoja, kwa mtu mmoja. Na kumbukeni kwamba kaye ya madeni ina majina ya wadaiwa ambao hawakuulizwa lolote. Kabla ya kupiga picha ukurasa, mwenye kaye afunike safu ya majina kwa karatasi.

Hatua ya 3: Ulizeni kilichotokea mara ya mwisho

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Swali «Ungependa programu ikukumbushie wadaiwa?» litajibiwa «ndiyo» na karibu kila mtu, kwa sababu kumkatalia mgeni aliyekuja na heshima si adabu. Jibu hilo halina uzito wowote. Vilevile «Iko muzuri, hakuna mambo»: hiyo ni salamu, msiiandike kama matokeo.

Anzeni na tukio moja lenye tarehe:

«Mama, muntu wa mwisho mwenye alikamata bunga kwa deni, ilikuwa siku gani?»

Kisha fuateni tukio hilo kama lilivyokwenda. Alichukua meka ngapi? Uliandika wapi, saa ileile au jioni? Nani mwingine alijua? Alilipa lini, kwa faranga au kwa dola? Alipochelewa ulifanya nini kwanza, na baadaye? Anayejibu kwa jumla («sisi huwa tunawakumbusha») arudishwe kwa upole: «Na huyu wa juzi, mama?»

Ombeni kuona kaye yenyewe. Mtaona mambo ambayo mdomo hauyasemi: deni la gunia limeandikwa kwa dola na la meka kwa faranga, kwenye ukurasa mmoja, mdaiwa hana jina ila «mama wa kando ya pompi», deni lililolipwa nusu limekatwa mstari na tarakimu mpya imeandikwa juu yake. Kila kimoja kati ya hivyo kinagusa skrini. Programu inayodai jina na namba ya simu kabla ya kuhifadhi deni itamshinda mtu huyu siku ya kwanza.

Madeni yana aibu yake. Msianze na deni ambalo muuzaji mwenyewe anadaiwa na mwenye ghala. Anzeni na wateja wake, na hilo la pili mara nyingi litajitokeza lenyewe. Kukiwa na watu wanaosikiliza kando, hasa mume au mwenye meza ya jirani, hamieni kwenye bei na mizigo mpaka waondoke.

Dakika 25 zinatosha. Mmoja anauliza, wa pili anaandika bila kuingilia. Mteja akija, nyamazeni. Kumtazama akihudumiwa kunafaa kuliko maswali matano. Anayeuliza asiwe yule aliyeandika programu, kwa sababu atashindwa kujizuia kuitetea. Yeye awe mwandishi, asikie kwa masikio yake.

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja, siku ileile

Jioni hiyohiyo andikeni: tukio, maneno yake kama alivyoyasema, alichofanya kwa mikono yake, na kitu kimoja ambacho hamkukitegemea. Maneno yabaki katika Kiswahili cha hapa. Mkiyageuza kuwa Kifaransa cha ofisini, «naogopa atanikimbia» itakuwa «ugumu wa kurejesha mkopo», na hofu yote imepotea. Andikeni kwenye karatasi kwanza, umeme usipokuwapo kazi isisimame.

Hatua ya 5: Jedwali la mahitaji

Jedwali la safu sita linatosha: tarehe, alama ya mtu, tukio, maneno yake, hitaji, skrini inayoguswa. Safu ya hitaji isitaje suluhisho. «Anataka ujumbe wa kukumbusha» ni suluhisho. Hitaji ni «jioni hakumbuki nani aliahidi kulipa leo». Hitaji lililotokea kwa watu watatu wa masoko tofauti lipandishwe juu ya orodha. Lakini msigeuze jedwali kuwa kura: tukio moja ambamo mtu alipoteza pesa kwa sababu ya programu yenu hushughulikiwa siku hiyohiyo.

Tukirudi kwenye mfano wetu: wauzaji wakieleza kwamba deni wanalikumbushia kwa salamu, wakipita nyumbani kwa mteja au akija kununua chumvi, ujumbe wa mashine utavunja adabu hiyo. Ila hitaji la kukumbuka bado lipo. Suluhisho mojawapo ni orodha fupi anayoiona muuzaji peke yake: walioahidi leo. Tafuteni masuluhisho matatu kabla ya kuchagua. La kwanza kujitokeza huwa lile mlilokuwa nalo tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Jaribuni kwa karatasi

Choreni skrini kwa kalamu, ukubwa wa simu. Mpeni mtu kazi: «Mteja amechukua meka mbili za unga, amelipa nusu. Andika.» Kisha msiseme kitu. Akikwama, hesabuni kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumuuliza anatafuta nini. Msimwonyeshe kwa kidole.

Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba mtu mmoja anayejaribu hufichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo ya matumizi. Kwa hesabu hiyo watu watano hufikia karibu asilimia 85. Hesabu hiyo ni ya watu wa aina moja na ya matatizo ya kutumia skrini. Haiwaambii kama kitu kinahitajika. Na muuzaji wa jumla na yule wa meka ni makundi mawili, kwa hiyo watano kwa kila kundi.

Hatua ya 7: Linganisheni na takwimu za programu

Takwimu zinaonyesha watu wamesimama wapi. Sababu mtaipata kwa kuwauliza. Kila Jumatano toeni orodha ya walioanza kuandika deni wasihifadhi, muwapigie wawili. Tahadhari moja ni ya lazima: mtu asiye na mega anaweza kuandika kila siku bila chochote kufika kwenye seva. Msimhesabu kama ameacha kabla ya siku saba, na ulizeni kwanza kama simu imepata intaneti.

Hatua ya 8: Ijumaa, dakika 30

Someni zile sentensi mbili za Jumatatu. Kila mmoja aliyesikia mazungumzo aseme alichokiona, aliyeandika programu awe wa mwisho. Amueni: tunajenga, tunaacha, au tunahitaji wiki nyingine, na wiki hiyo ya ziada isizidi moja. Uamuzi uandikwe pamoja na alama za watu waliousababisha. Kisha watumieni watu hao ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuwaambia kilichobadilika. Asiyeambiwa hapokei simu mara ya pili.

Wiki ya mvua kubwa au ya ada za shule, masoko yanapokuwa magumu, punguzeni hadi simu moja ya dakika kumi na swali moja la tukio la mwisho. Kwa ujumbe wa sauti msitume maswali zaidi ya mawili; la tatu halijibiwi.