Hodi kwenye nyumba nne: kupiga taksimu ya gitaa juu ya kodi za flamenko

Mara ya kwanza nilipojaribu kupiga taksimu, yaani kubuni papo kwa papo, juu ya kodi za flamenko (muziki wa Kihispania) mbele ya watu ilikuwa kwenye baraza moja Vuga, mjini Unguja, baada ya sala ya Isha. Skeli nilikuwa nimeshaihifadhi yote na vidole vinakimbia. Mzee mmoja mpiga udi alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kahawa yake, kisha akaniambia: "Mwanangu, umepanda ngazi, umeteremka ngazi. Sasa hodi umebisha kwa nani?"

Watu walicheka. Mimi ilinichukua miezi kumfahamu. Kila kodi (ya muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya nyumba, ingawa nayo inakuja kila mwezi) ina mlango wake. Ukipita mbio bila ya kubisha, hakuna atakayejua kuwa ulipita. Mazoezi haya nimeyapanga kwa ajili ya kujifunza kubisha. Yanamfaa mtu aliyeshika gitaa mwaka mmoja hivi, anayebadilisha kodi bila ya kuutazama mkono wake wa kushoto. Gitaa la nyuzi za nailoni ndilo hasa, kwa sauti na kwa sababu hewa yetu ya chumvi inazila nyuzi za chuma kwa kutu.

Hatua ya 1: Jirekodi mwenyewe

Kodi ni nne: A maina, G meja, F meja, E meja. Kila moja hesabu nne, kisha unarudi mwanzo. Huu ndio mteremko wa Kiandalusia, na kitu cha kwanza kukiweka kichwani ni kuwa nyumbani ni E, si A. Aliyezoea nyimbo nyingine atataka kupumzika kwenye A maina. Hapa hapana. F imekaa freti moja tu juu ya E na inaiegemea, na ule mwegemeo ndio unaokurudisha nyumbani.

F usiibane nyuzi zote sita. Bonyeza uzi wa nne freti ya tatu, uzi wa tatu freti ya pili, uzi wa pili freti ya kwanza, na uzi wa kwanza uache wazi. Nyuzi mbili nene usiziguse. Ule uzi ulio wazi unaitia E ndani ya F, na harufu ya flamenko inatoka hapo hapo.

Rekodi kwa simu dakika tano, mwendo wa mapigo 70 kwa dakika. Mzunguko mmoja utachukua kama sekunde 14. Utaona ni polepole mno, ndivyo inavyotakiwa. Zima feni wakati wa kurekodi, maana simu husikia feni kuliko gitaa, na uichaji mapema, umeme una mambo yake.

Hatua ya 2: Noti nne, basi

Hapa kaa wiki nzima. Usiruke.

Washa rekodi yako. Kodi ya A maina ikiingia, piga C: uzi wa pili, freti ya kwanza. G ikiingia, piga B: uzi huo huo, wazi. F ikiingia, piga A: uzi wa tatu, freti ya pili. E ikiingia, piga G shapu: uzi wa tatu, freti ya kwanza. Noti moja kwa kila kodi, kwenye hesabu ya kwanza, uiache ilie mpaka hesabu ya nne.

Umeshuka C, B, A, G shapu kwenye nyuzi mbili, mkono haukuhama mahali. Na kila noti ni ile inayoamua kodi yake iwe meja au maina. Hata rekodi ukiizima, mtu aliyeko chumba cha pili atasikia kodi zinabadilika. Hiyo ndiyo hodi.

Hatua ya 3: Njia baina ya mlango na mlango

Sasa unaruhusiwa kutumia noti za jirani, kwa sharti moja: hesabu ya kwanza uwe mlangoni, yaani kwenye ile noti ya Hatua ya 2. Jaribu hivi. Kwenye A maina shika C hesabu mbili, ya tatu panda D (uzi wa pili, freti ya tatu), ya nne rudi C, na G inapoingia udondokee B. Kwenye G shika B, kwenye hesabu ya nne gusa C kisha B kwa haraka, udondokee A. Kwenye F piga A, B, A, ya nne nyamaza. E ikiingia, G shapu, na hapo tulia.

Ukikosea, usisimame. Subiri mlango unaofuata.

Hatua ya 4: Hijazi

Kwenye kodi tatu za mwanzo tumia noti za kawaida: E, F, G, A, B, C, D. Ukifika E, geuza G iwe G shapu. Basi mlango wa E una noti nne zilizosongamana: E (uzi wa nne, freti ya pili), F (uzi wa nne, freti ya tatu), G shapu (uzi wa tatu, freti ya kwanza), A (uzi wa tatu, freti ya pili). Kidole cha kati, cha pete, cha shahada, kisha cha kati tena. Sikiliza ule mruko wa freti tatu toka F kwenda G shapu. Mtu aliyekulia Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa huo ni nini: ni Hijazi, moja ya maqamu (mipangilio ya noti) za muziki wa Kiarabu, tumeisikia kwenye taarabu toka utotoni. Ukiiacha G yake ya kawaida, unakuwa umeingia maqamu nyingine, Kurdi.

Watu hupenda kubishana kama Hijazi ya flamenko ilitokana na Waarabu waliotawala Andalusia huko Hispania, tangu 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492. Mie ubishi huo nawaachia wa barazani. Ninalolijua ni kuwa sikio letu linaingia hapa bila ya taabu. Maqamu ya Bayati, kwa mfano, ingekushinda: inataka robo toni, yaani sauti iliyo katikati ya freti mbili, na udi hauna freti lakini gitaa linazo.

Kosa moja litakuumbua: kupiga G shapu wakati kodi ya G bado inalia. Hizo mbili hazikai chumba kimoja.

Hatua ya 5: Nyamaza

Msikilize mpiga udi kwenye taksimu. Anasema neno, ananyamaza, analirudia kwa kuligeuza kidogo. Sisi wa gitaa tunaogopa kimya kama deni. Basi mzunguko mmoja piga, unaofuata weka mikono mapajani uimbe jawabu kwa mdomo, hata kwa sauti mbovu, kisha wa tatu ulipige lile uliloliimba. Pumzi ikikatika, sentensi imekwisha. Vidole vyenyewe havijui kukatika.

Hatua ya 6: Mkono wa kulia

Piga kwa kidole cha shahada na cha kati kwa zamu, na kila kidole kikimaliza kiegemee uzi wa juu yake. Wahispania huita picado. Nilipompigia tena yule mzee, alisema: "Leo umebisha. Lakini umebisha kwa ngumi." Kweli nilikuwa natumia nguvu ya mkono mzima. Nguvu itoke kwenye kifundo cha kidole tu.

Hatua ya 7: Hesabu milango

Jirekodi ukibuni mizunguko kumi, na usisikilize siku hiyo. Kesho yake, chukua karatasi na weka alama kila unapofika mlangoni kwenye hesabu ya kwanza. Jumla ni milango 40. Wiki yangu ya kwanza nilipata 17. Ukivuka 30, hamia D maina, C, B flati na A, maana ni mteremko ule ule uliohamishwa. Bulería, mdundo wa flamenko wenye hesabu 12, unaokazwa kwenye 12, 3, 6, 8 na 10, iache kwanza mpaka hizi nne zikae mwilini hata ukiwa unakuna nazi.