Namna ya Kumsoma Dietrich Bonhoeffer kwa Kufuata Miaka

Wasomaji wengi wa Bonhoeffer huanzia kwenye kifo chake. Wanajua kwamba mwanateolojia huyu wa Kilutheri alinyongwa katika kambi ya Wanazi ya Flossenbürg, Ujerumani, tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 39, kisha kila alichoandika hukisoma kama neno la shahidi aliyeifia imani. Afadhali uchukue daftari, uchore safu mbili, moja ya maandishi yake na nyingine ya mambo yaliyokuwa yakitendeka Ujerumani, na usisome andiko lolote kabla ya kuandika mwaka wake na waliokusudiwa kulisikia.

Tasnifu yake ya udaktari ya 1927, aliyoimaliza Berlin akiwa na miaka 21, ni nzito, na asiyesomea teolojia anaweza kuiacha kwanza. Asiiache New York ya 1930 na 1931, ambako aliabudu na watu Weusi katika kanisa la Kibaptisti la Abyssinian, Harlem, akafundisha shule ya Jumapili, na kurudi Ujerumani na santuri za nyimbo zao za kiroho.

Aprili 1933 ndipo pa kukaa sana. Hitler alikuwa amekwishakuwa chansela, na tarehe 7 sheria iliwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Mwezi huohuo Bonhoeffer aliandika insha yenye hatua tatu: kanisa liiulize serikali kama itendayo ni kazi halali ya dola, liwahudumie wanaoumizwa na serikali, hata wasio Wakristo, na mambo yakizidi, lisiishie kuwafunga majeraha waliokanyagwa na gurudumu, bali lilizuie gurudumu lenyewe. Katika safu ya pili, mkabala na hatua ya tatu, andika Abwehr, idara ya ujasusi wa kijeshi aliyojiunga nayo baadaye, ambamo baadhi ya wakubwa walikuwa wakipanga kumwangusha Hitler. Anayeongoza kikundi cha wasomaji asifiche kwamba insha hiyohiyo inarudia fundisho la kale kuhusu laana juu ya Wayahudi. Ukiliruka hilo, unasoma mtu mwingine.

Kinachofuata ni Nachfolge, kitabu cha 1937, kilichotokana na mafundisho yake katika seminari ya Finkenwalde, ambayo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliifunga mwaka huohuo. Jina hilo lina maana ya kufuata tu, na hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa neno letu ufuasi liko karibu nalo kabisa.

Barua za gerezani zije mwisho. Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943 na kuwekwa Tegel, Berlin. Barua kwa wazazi zilipita kwa wakaguzi. Nyingi kwa rafiki yake Eberhard Bethge zilitolewa kwa siri na askari wa gereza. Weka alama kwa kila barua kuonyesha kama ilikaguliwa au ilitolewa kwa siri, kwa maana mawazo yake juu ya Ukristo usio wa kidini, yaani imani ya Kristo isiyotegemea misingi ya kawaida ya dini, yanayoanza katika barua ya tarehe 30 Aprili 1944, yamo katika zile za siri.

Ukiletewa usemi kwamba kunyamaza mbele ya uovu nako ni uovu, uliobandikwa jina lake, tafuta mwaka na andiko ulimotoka. Hutaupata katika maandishi yake, kwa hiyo usiuingize daftarini.