Maporomoko ya Sanje: Mambo ya Kuandaa Kabla ya Kupanda

Anayekwenda kuona Maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mara nyingi huandaa safari ya kufika kule juu na kuisahau ile ya kurudi. Kupanda na kushuka huchukua takriban saa nne, na ugumu wenyewe huja mwishoni: magoti yamechoka, chupa ya maji imebaki tupu, mvua ya alasiri imelowesha udongo na mwanga unafifia chini ya miti. Kila unachokiandaa, kipime kwa safari ya kushuka.

Anza na ofisi na usafiri. Makao makuu ya hifadhi yapo Mang'ula, kiasi cha kilomita 60 kusini mwa mji wa Mikumi kwa barabara ya Ifakara. Kibali na mhifadhi wa kukuongoza hupatikana hapo, ilhali njia ya Sanje inaanzia karibu na kijiji cha Sanje, kilomita kama 10 nyuma kuelekea Mikumi. Asiyejua hili hushuka basi Sanje asubuhi, kisha analazimika kwenda Mang'ula na kurudi, na asubuhi yote imekwisha. Kama huna gari, patana na dereva au bodaboda safari zote mbili, na mwelewane saa ya kukufuata. Ada hulipwa kwa mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo hakikisha kadi au simu yako ina salio. Beba kitambulisho cha taifa au pasi: kiwango cha Mtanzania na cha raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na cha mgeni wa mbali, na bila kitambulisho huna cha kuthibitisha.

Fika ofisini saa moja na nusu asubuhi ili saa mbili na nusu uwe umeshaanza kupanda. Sababu si joto peke yake. Maporomoko yapo upande wa mashariki wa safu ya milima, na jua la jioni huzama nyuma ya mlima wenyewe. Mashamba ya miwa kule bondeni yanapokuwa bado yanang'aa, msituni kivuli kimeshatanda na mizizi njiani haionekani vizuri. Atakayeanza saa saba mchana atashuka akiwa amechoka, katika mwanga hafifu. Hata ukianza mapema, weka tochi ya kuvaa kichwani kwenye begi. Tochi ya simu hukunyang'anya mkono mmoja, na kwenye mteremko mikono yote miwili ina kazi.

Kuhusu msimu, mvua kubwa za Machi hadi Mei hufanya njia iwe tope na mito ijae. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kipindi kikavu. Juni na Julai ndiyo miezi tunayoipendekeza zaidi, kwa sababu udongo umeanza kushika na maji bado ni mengi. Kufikia Oktoba njia ni nzuri sana, lakini maporomoko huwa yamepungua.

Viatu ndivyo vinavyoamua siku itakavyokwenda. Vaa viatu vya kamba vyenye soli ya meno, ulivyokwisha kuvitembelea wiki mbili au zaidi. Kiatu kipya kitakuchubua kisigino kabla hujafika nusu ya njia. Raba ya soli bapa huteleza kwenye majani yaliyolowa, kandambili hukatika, na buti la mvua huuachia mguu ucheze ndani, hivyo kifundo hakina kinachokishika. Kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla, kwani ukishuka vidole husukumwa mbele na kucha ndefu hugonga ncha ya kiatu mpaka zivilie damu. Unaposhuka, kaza kamba kwenye kifundo ili mguu usitelezee mbele.

Suruali iwe ndefu na nyepesi. Jinzi ikilowa huwa nzito, haikauki na huchubua mapaja. Ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi: itakukinga na kupe, na siafu wakivuka njia utapata muda wa kuwakung'uta kabla hawajapanda mwilini. Ukikutana na msafara wao, usisimame kutazama, ruka upite. Shati la mikono mirefu litakukinga na upupu na miiba. Fimbo imara inayofika usawa wa kiwiko hupunguza mzigo wa magoti unaposhuka, na magoti ndiyo ya kuandaliwa mapema. Kwa wiki mbili kabla ya safari, panda na kushuka ngazi kwa dakika 20 kila siku. Kushuka kusisahaulike, kwa sababu misuli ya mapaja hufanya kazi tofauti na ile ya kupanda.

Maji ya kunywa yasipungue lita 2 kwa mtu mzima, na lita 3 kwa anayetoka jasho sana, kwani hewa ya msituni ina unyevu na jasho halikauki haraka. Yagawe: ukifika juu ukiwa umekwisha kunywa zaidi ya nusu, punguza kasi. Usinywe maji ya mto bila kuyachemsha au kuyatia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Beba pakiti mbili za ORS, unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Chakula kiwe kile kisichoharibika kwa joto: karanga, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Maganda na mabaki yote yarudi nawe. Msitu huu ni makazi ya mangabe wa Sanje, tumbili aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 na asiyepatikana nje ya Udzungwa, pamoja na mbega mwekundu. Mnyama akizoea chakula cha watu huacha kuwaogopa, na anayeumia ni yeye. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019. Simu na kitambulisho viweke kwenye mfuko maalumu usiopenya maji, kwa sababu karibu na maporomoko umande wa maji hulowesha kila kitu.

Sasa maji yenyewe. Sanje huanguka karibu mita 170 kwa ngazi tatu, na kuna madimbwi ya kuogelea. Hapa ndipo tunapoomba umakini wa kweli. Mwamba mkavu wa kijivu hushika kiatu. Mwamba uliolowa, mweusi au wa kijani, una utando wa mwani unaoteleza kama sabuni. Usisogelee ukingo wa juu ili upige picha, wala usivuke mto mahali palipo na maporomoko chini yake, hata kama maji yanafika kifundoni tu. Usipige mbizi, kwani mawe yaliyo chini huwezi kuyaona kutoka juu, wala usisimame chini kabisa ya maji yanayoanguka, maana yanaweza kuja na mawe na matawi. Ingia kwenye dimbwi pale tu mhifadhi anapokuonyesha, taratibu, miguu ikitangulia.

Mvua inaweza kunyesha kule juu ya milima huku ulipo jua linawaka. Maji yakibadilika rangi kutoka meupe kuwa ya kahawia, majani na vijiti vikianza kuelea, au mngurumo ukiongezeka, toka mtoni mara moja na upande sehemu ya juu. Usirudi kuchukua begi.

Ndovu na nyati wamo, ndiyo maana hutembei bila mhifadhi. Anayetembea polepole kuliko wote awekwe nyuma tu ya mhifadhi, kundi lifuate mwendo huo. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mwenyewe, isiachwe garini. Kwenye kisanduku cha dawa weka plasta, bandeji ya kukaza kifundo, dawa ya kusafishia jeraha na kibanio cha kutolea kupe. Aking'atwa mtu na nyoka, asitembeshwe hovyo, asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba. Atulizwe, abebwe, apelekwe hospitali. Usitegemee mtandao wa simu msituni: mwambie mtu aliyebaki chini saa mnayotarajia kurudi na saa ya kuwapigia hifadhi asipowaona.

Mkiwa na watoto wadogo au mzee mwenye magoti mabovu, maporomoko ya Prince Bernhard yapo karibu na Mang'ula na njia yake ni fupi. Sanje isubiri siku nyingine.